Siku tano za kujifunza kuwasimamia washauri nasaha na maafisa ustawi: tathmini yangu ya mafunzo ya Morogoro

Nilipopanda basi kwenda Morogoro mwaka jana nilikuwa nimeshatumika kama msimamizi kwa miaka minne, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kunieleza usimamizi wenyewe unafanywaje. Ninaongoza kitengo cha ustawi wa jamii na ushauri nasaha katika hospitali moja ya wilaya, chenye maafisa ustawi watatu, wauguzi washauri wawili wa kliniki ya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, na tabibu mmoja anayepokea manusura wa ukatili. Nafasi hiyo niliipata kama wengi wanavyoipata: majalada yangu yalikuwa yameandikwa vizuri, wakubwa wakaona kwamba anayeyamudu mashauri atawamudu pia wanaoyashughulikia. Imenichukua muda kuelewa kwamba hizo ni kazi mbili tofauti. Afisa aliyezoea kumhudumia mteja kwa mikono yake mwenyewe, anapokaa na mwenzake aliyekwama, hutamani kulichukua lile jalada alimalize yeye. Akifanya hivyo mara tano, mwenzake hujifunza jambo moja tu, yaani kumpelekea mkubwa kila kilicho kigumu.

Mafunzo ninayoyatathmini yaliandaliwa na taasisi binafsi ambayo sitaitaja, kwa kuwa nitaeleza pia kasoro zake na tayari nimewaandikia wahusika wenyewe. Yalichukua siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa ada ya shilingi 650,000 iliyojumuisha vitini, chai na chakula cha mchana, bila malazi. Tulikuwa washiriki 18: maafisa ustawi wa halmashauri, wauguzi viongozi, matabibu, na wasimamizi wa miradi ya watoto walio katika mazingira hatarishi. Wakufunzi walikuwa wawili, mama mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya ulinzi wa mtoto kwa miaka mingi, na muuguzi wa afya ya akili ambaye hadi leo bado yuko wodini. Ukumbi ulikuwa msafi na chakula kilitosha, na kuhusu hayo sina la kuongeza.

Asubuhi ya kwanza yule mama mstaafu aliandika neno "msimamizi" kwenye bango kitita, akatuomba kila mmoja ataje mtu anayemjia akilini. Wakatajwa msimamizi wa mtihani, msimamizi wa ujenzi na msimamizi wa mirathi. Akatuonyesha kwamba wote hao wapo ili pasiwe na mtu wa kuiba, na kwamba mtumishi anayeambiwa "leo una kikao na msimamizi wako" huja akiwa ameshajiandaa kujitetea kabla hajakaa. Sijui kama tutapata neno jingine, kwa kuwa "usimamizi shirikishi" na "usimamizi elekezi" yamekwisha kuzoeleka katika ziara za wataalamu wa mkoa wanaokuja na orodha ya kutiki. Hata hivyo ule mjadala ulinisaidia kuelewa kwa nini maafisa wangu walikuwa wakiingia ofisini kwangu wamekumbatia majalada kama ngao.

Kisha tukapewa mgawanyo wa Alfred Kadushin, mwanazuoni wa Marekani aliyezitenga kazi za msimamizi katika ustawi wa jamii katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni utawala, yaani kuhakikisha shauri lina mwenyewe, taratibu zimefuatwa na kumbukumbu zipo. La pili ni elimu, kumkuza mtumishi kwa kutumia mashauri aliyonayo mkononi. La tatu ni kumtegemeza, kwa sababu mtu anayesikiliza habari za ubakaji, vifo na watoto waliotelekezwa siku baada ya siku hawezi kubaki mzima akiwa peke yake. Kila mmoja wetu aliambiwa aorodheshe vikao alivyofanya na watumishi wake mwezi uliotangulia, kisha avigawe katika mafungu hayo. Mimi nilikuwa na vikao tisa. Vyote vilihusu taarifa za mwezi, mafuta ya gari na zamu. Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana mmoja wa wauguzi wangu alikuwa ameomba uhamisho mwezi huohuo na mimi nilikuwa nimeandika kwamba sababu ni za kifamilia bila kumuuliza.

Sehemu iliyostahili ada yote ilikuwa maigizo dhima ya Jumanne na Jumatano. Viti viwili viliwekwa vikitazamana kidogo kwa pembe, saa ndogo ya mezani ikawekwa juu ya kigoda, na sisi wengine tukakaa nyuma bila kuruhusiwa kusema. Muuguzi wa afya ya akili aliigiza mshauri nasaha ambaye mteja wake, binti wa miaka 17, ameacha dawa za kufubaza virusi. Tabibu mmoja mwenye uzoefu mkubwa aliigiza msimamizi wake. Hazikupita dakika mbili alikuwa ametoa maagizo manne: binti atafutwe, mlezi aitwe, kipimo cha wingi wa virusi kirudiwe, na taarifa iandikwe. Yote yalikuwa sahihi. Mkufunzi mstaafu akasimamisha igizo, akamuuliza "mshauri" amesikia nini. Akajibu, "Nimesikia kwamba nimekosea."

Wakaanza upya. Safari hii msimamizi alielekezwa aanze kwa kusema, "Hebu nirudishe kwenye kile chumba. Alikuwa amekaa wapi, na alisema nini kwa maneno yake?" Kisha anyamaze. Ile saa ya mezani ikasikika. Nadhani zilipita sekunde kumi tu, lakini ukumbi mzima ulikuwa unahangaika kutaka mtu aseme chochote. Mwishowe yule aliyeigiza mshauri akasema kwamba binti alikuwa ametazama sakafu, na kwamba yeye alimkaripia vilevile kama anavyomkaripia bintiye nyumbani, ndipo binti akachukua mkoba wake akaondoka. Hapo ndipo penyewe palipokuwa na tatizo, na hakuna kipimo cha maabara ambacho kingelionyesha. Maagizo manne ya mwanzo hayakufutwa. Yalirudi baadaye, yakiwa yametamkwa na mshauri mwenyewe, pamoja na la tano ambalo msimamizi asingelijua, yaani kwamba atakayempigia simu yule binti aanze kwa kumwomba radhi. Mkufunzi akatuonyesha kwamba namna msimamizi anavyomkaripia mshauri ndiyo namna ambayo mshauri naye humshukia mteja, na kwamba mara nyingi unaweza kujua kinachotendeka katika chumba cha ushauri kwa kuangalia kinachotendeka katika chumba cha msimamizi.

Jambo jingine lililozungumzwa kwa kina, na ambalo sijawahi kulikuta katika mafunzo mengine, ni umri. Mshiriki mmoja, afisa ustawi wa miaka 29, alieleza kwamba kati ya anaowasimamia yupo muuguzi mshauri wa miaka 54 ambaye humwamkia "shikamoo mama" kila asubuhi. Akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, utamwambiaje mtu uliyemwamkia shikamoo saa mbili asubuhi kwamba saa nne amevunja usiri wa mteja? Wengi tulikuwa na swali hilohilo. Kuna waliodhani jibu ni kuacha shikamoo kazini, na mkufunzi mstaafu alilikataa wazo hilo moja kwa moja: heshima haiondolewi, bali huwekewa mahali pake. Alipendekeza kwamba katika kikao cha kwanza kabisa, kabla ya kosa lolote, msimamizi na mtumishi waandike makubaliano mafupi ya ukurasa mmoja, wakitaja watakutana lini, nini kitabaki kati yao, nini lazima kipelekwe juu, na ni namna gani kila mmoja angependa kuambiwa anapokosea. Siku jambo linapotokea, kijana haanzi na kosa la mama, anaanza na karatasi waliyoiandika pamoja: "Mama, tulikubaliana kwamba jina la mteja halitatajwa nje ya chumba. Jana nimelisikia pale mapokezi. Naomba tuliangalie." Tuliigiza mazungumzo hayo mara tatu, kwa washiriki tofauti, na mara ya tatu yule afisa wa miaka 29 aliyasema bila sauti kutetemeka. Aliongezewa ushauri mmoja ambao nimeutumia mwenyewe: mtu mzima aombwe mapema alete uzoefu wake, aeleze shauri gumu alilowahi kulimaliza, ili kikao kisiwe siku zote mahali ambapo mdogo anamwonyesha mkubwa upungufu wake.

Nilikuwa na hofu kwamba mafunzo yangeishia katika kusikiliza na kunyamaza, kana kwamba msimamizi hana wajibu wa kuamuru. Haikuwa hivyo. Jumatano mchana muuguzi wa afya ya akili alitenga maswali ambayo msimamizi husubiri mtumishi ayafikie mwenyewe na maswali ambayo hayasubiri hata dakika moja. Manusura wa ubakaji anapotajwa, swali la kwanza ni saa ngapi zimepita, kwa kuwa dawa kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kisha kama PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imepatikana au mtu bado anazungushwa, na kama Dawati la Jinsia na Watoto la polisi limehusishwa. Mteja akisema amechoka kuishi, msimamizi huuliza wazi kama ameulizwa kuhusu kujiua, na nani yuko naye usiku huo. Kuhusu watoto, tulikumbushwa kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, hivyo hakuna makubaliano ya usiri kati ya msimamizi na mtumishi yanayoweza kulifunika jambo hilo. Mpaka huo ulichorwa vizuri, na ningependa kila tabibu aliyepewa watu wa kuwasimamia auone.

Usimamizi wa kikundi ulifundishwa Alhamisi kwa nusu siku. Mtumishi mmoja hueleza shauri kwa dakika kumi bila kutaja majina, wenzake huuliza maswali kwa dakika kumi na tano bila kutoa ushauri wowote, kisha mwenye shauri huchagua atakalolifanya. Ni njia nzuri kwa halmashauri yenye msimamizi mmoja na watumishi waliotawanyika katika kata nyingi, na ilistahili muda zaidi.

Sasa niseme kasoro, kwa kuwa kuna nyingine ni kubwa. Kubwa kuliko zote ni kwamba waandaaji waliligusa kwa dakika arobaini tu swali linalotukosesha usingizi wengi wetu katika utumishi wa umma: msimamizi anayemwomba mtumishi aeleze udhaifu wake ndiye huyohuyo anayempa alama za utendaji katika PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa OPRAS. Mtumishi mwenye akili atachagua kipi kati ya kusema ukweli na kulinda alama zake? Tuliambiwa tutenganishe vikao hivyo viwili, kimoja cha tathmini na kingine cha mashauri, na tusivifanye siku moja. Ushauri huo ni sahihi, ila hautoshi, kwa sababu kumbukumbu ya msimamizi haitengani kwa kubadilisha siku. Nilitegemea tufanyiwe igizo la mtumishi aliyekiri kosa mwezi Machi na kukutana na msimamizi wake kwenye tathmini mwezi Juni. Halikufanyika, na swali langu lilijibiwa wakati wa chai.

Kasoro ya pili ni lugha. Mafunzo yaliendeshwa kwa Kiswahili kizuri sana, lakini vitini vyote vilikuwa kwa Kiingereza, na baadhi ya kurasa zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya nchi ambako mambo yako mbali sana na yetu. Kitini kimoja kilitoa mfano wa Uingereza, ambako chama cha washauri nasaha cha BACP huwataka wanachama wake wenye ithibati wanaotoa huduma wapate angalau saa moja na nusu ya usimamizi kila mwezi. Kujua kwamba mahali pengine saa hiyo ni sharti la kazi kulinipa nguvu ya kuidai. Lakini hakuna ukurasa uliozungumzia afisa ustawi mmoja anayefuatilia watoto wa tarafa nzima kwa pikipiki ya kukodi, wala mshauri anayefanyia kazi chumba kilichotenganishwa na dirisha la dawa kwa pazia. Watumishi tunaokwenda kuwafundisha yale tuliyojifunza wanafanya kazi, wanalia na wanaandika majalada kwa Kiswahili, na kila mshiriki aliachiwa kazi ya kutafsiri peke yake.

Ya tatu ni ufuatiliaji. Tangazo la mafunzo liliahidi simu tatu za mkufunzi ndani ya miezi mitatu, kila moja kwa ajili ya kuzungumzia kikao halisi ulichokifanya. Nilipigiwa simu moja, ilikuwa ya manufaa makubwa, kisha nikasubiri nyingine mbili ambazo hazikuja hata nilipokumbusha kwa barua pepe. Ustadi huu haukai mwilini kwa siku tano. Msimamizi naye anahitaji wa kumsimamia anapojaribu, na waandaaji wanaofundisha hivyo walipaswa kuwa wa kwanza kulitimiza.

Pamoja na hayo, nimerudi na kitu kinachofanya kazi. Tangu nilipoanza, kila Alhamisi mchana ni ya mashauri, saa moja kwa mtumishi mmoja, simu zikiwa zimezimwa. Nitaeleza kikao kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Mmoja wa maafisa wangu alikuwa na jalada la mtoto ambalo halikusogea kwa miezi mitano. Nilikuwa nimelipitia mara mbili kabla ya mafunzo na kuandika kwa wino mwekundu, "Fuatilia." Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno "mlezi hapatikani" yaliyoandikwa mara tatu, kila mara kwa kalamu tofauti, na kona ya jalada ilikuwa imelegea kwa kuchomolewa na kurudishwa kabatini. Zamani ningemuuliza kwa nini hajafuatilia. Safari hii nilimuuliza, "Mara ya mwisho ulipopiga ile simu, ulikuwa unategemea nani apokee?" Alinyamaza, nami nikajizuia. Kisha akasema kwamba alikuwa anaomba isipokelewe. Katika ziara ya kwanza babu wa yule mtoto alimfuata hadi njiani na panga mkononi, akamwambia akirudi hatatoka salama, na yeye hakuliandika tukio hilo popote kwa sababu aliona aibu kuonekana mwoga.

Kwa miezi mitano, basi, mtoto alikuwa hatarini na afisa alikuwa hatarini, na mimi nilikuwa naandika kwa wino mwekundu. Siku hiyohiyo tuliliandika tukio, tukawasiliana na mtendaji wa kijiji na Dawati la Jinsia, na Jumatatu iliyofuata walikwenda watu wanne katika nyumba ile. Afisa wangu aliomba awe miongoni mwao. Nilimkubalia, na aliporejea tulikaa tena nusu saa, safari hii kwa ajili yake yeye, wala si kwa ajili ya jalada.

Kwa hiyo nayapendekeza mafunzo haya kwa afisa ustawi, muuguzi kiongozi au tabibu mwenye watu wawili au zaidi chini yake, hasa yule ambaye hajawahi kusimamiwa vizuri yeye mwenyewe na hana mfano wa kuiga. Anayetafuta namna ya kujaza fomu za ziara za usimamizi hataipata huko. Shilingi 650,000 ni nyingi kwa mtu anayejilipia, nami singemshauri mtumishi akope kwa ajili hiyo. Mwajiri alipe, na kabla ya kulipa adai kwa maandishi tarehe za zile simu tatu. Waandaaji nimewaomba wavitafsiri vitini na waipe PEPMIS siku nzima. Na kama inawezekana, waende wasimamizi wawili kutoka kituo kimoja, kwa sababu mimi nilikwenda peke yangu, na niliporudi ilinichukua wiki sita kumshawishi mganga mfawidhi anipe, kwa Alhamisi mchana tu, chumba chenye mlango unaofungwa.